Mikanyago Tisini kwa Dakika

“Nimekuuliza, spana alishika nani?”

“Nilishika mimi,” Uthman alisema mwishowe. “Nati zilikuwa zimeshika kutu. Mtoto hangeziweza.”

Kulthum akagonganisha viganja vyake mara moja. “Kumbe mwizi alifunguliwa mlango na mwenye nyumba!”

“Si wizi, Mama Firdaus. Aliomba.”

“Alimwomba nani? Cherehani ni yako? Toka tuoane umewahi kutia uzi kwenye tundu la sindano?”

Uthman akavuta soksi moja, akaitoa. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja una soksi na mwingine hauna, ametoka zamu ya usiku katika kiwanda cha mananasi na macho yanajifumba. Nyuma yake, juu ya kitanda hichohicho, kichwa cha cherehani kilikuwa kimelazwa na kufunikwa leso kama mgonjwa. Kilibaki kichwa tu. Pale dirishani, palipokuwa na stendi yake ya chuma pamoja na gurudumu na kanyagio, palibaki madoa manne kwenye saruji. Na kando ya madoa hayo lilikuwepo robota la kitambaa cha kijani, limekatwa lote, tayari kwa kushonwa: magauni thelathini ya shule.

Kulthum alikuwa amekwenda Murang’a siku tatu tu, kumuuguza dada yake. Siku tatu! Amerudi Makongeni Jumamosi asubuhi, hata buibui hajavua, na mkono wake wa kulia nyumbani kwake umekatwa.

“Firdaus alisema ni ya kazi ya umoja wao wa chuoni,” Uthman alisema. “Wanatengeneza mashine ya zahanati. Kila mwanachama alete kitu. Wengine wameleta mbao, mwingine kaleta beringi za baiskeli.”

“Na wangu akaleta mama yake.”

“Hodi wenyewe?”

Aliyebisha alikuwa Mwalimu Rachael wa shule ya msingi, mwanamke mnene wa sauti nyororo ambaye hajawahi kufika mahali akiwa amechelewa. Aliingia, akatazama robota, akatazama madoa sakafuni, akatazama kitanda.

“Kwani leo cherehani imelala?”

“Imepelekwa kutiwa mafuta, mwalimu,” Kulthum alisema. “Karibu chai.”

“Miguu imepelekwa kutiwa mafuta, kichwa kikabaki kitandani?”

Uthman akakohoa. Kulthum alihisi uso ukimwaka moto. Tangu kiwanda cha nguo kilipofunga milango na kumrudisha nyumbani na bahasha nyembamba, baada ya miaka kumi na minne ya kusimamia mashine za kusokota uzi, hajawahi kumdanganya mteja. Leo amedanganya, na hata uwongo wenyewe umemshinda.

“Mama Firdaus, mimi sina maneno mengi,” Rachael alisema, bado nyororo vilevile. “Jumatatu saa nne wageni wa Elimu wanafika. Wale wasichana wakisimama mbele yao na viraka, ataulizwa Rachael. Fundi Wainaina yuko hapo mjini. Ana cherehani tatu, na zote zina miguu.”

“Jumatatu saa mbili utayapata, mwalimu. Yote thelathini.”

“Haya. Mungu akujalie.”

Akaondoka bila kuketi. Kikombe cha chai alichomiminiwa kikabaki mezani kikifuka moshi, na Kulthum akakitazama mpaka moshi ukaisha.

“Hiyo zahanati iko wapi?”

“Ruiru. Upande wa mashamba ya kahawa. Leo wanaikabidhi.” Uthman akajikaza kusema jambo. “Mama Firdaus, mtoto yuko mwaka wa pili wa uhandisi. Usiende kumwaibisha mbele ya wenzake.”

“Mimi nimeshaaibishwa mbele ya Rachael. Tutagawana.”

*

Urbanus, jirani wa mlango wa tatu, alikuwa na pikapu ya kubebea kabichi. Alikubali kwenda Ruiru kwa bei ya petroli na ahadi ya kushonewa suruali mbili.

“Utazishona na nini, mama? Na meno?”

“Wewe endesha.”

Njia nzima Kulthum alipanga maneno. Huo Umoja wa Wanafunzi wa Sayansi na Uhandisi alikuwa ameuchoka. Kila Jumamosi wenzake Firdaus walipumzika au walitafuta vibarua, lakini hawa wa Umoja walikwenda kuhangaika na mambo ya watu. Muhula uliopita walifufua pampu ya upepo ya shule moja. Walikwenda Githurai 45 kufundisha wasichana hesabu bila malipo. Walitengeneza mashine ya kupukuchua mahindi kwa vyuma walivyookota, na binti yake akarudi nyumbani na grisi mpaka masikioni kama fundi wa trekta. Haya yote aliyavumilia, akisema ni ujana, utapita. Lakini mtu hafufui pampu za wengine kwa kuzima jiko la mamake.

Zahanati ilikuwa nyumba fupi ya mabati mekundu, na veranda ndefu iliyojaa watu. Kina mama wajawazito walikuwa wamekaa kwenye benchi. Vijana wanane hivi, wamevaa makoti meupe ya maabara yasiyowatosha, walikuwa wameizunguka meza. Kulthum hakuhitaji kusogea karibu ili aitambue ile meza. Kanyagio lilikuwa limelika upande wa kushoto, palipokaa unyayo wake. Juu ya meza, mahali pa kichwa cha cherehani, kulikuwa na kisanduku cha mbao kilichofungwa kwa boliti nne, na mkanda wa ngozi ulipanda kutoka kwenye gurudumu kubwa ukaingia ndani yake.

Kijana mmoja mrefu, Ajwang, alikuwa ameketi mbele ya mashine, magoti yamemfika kifuani. Akakanyaga kwa nguvu. Gurudumu likazunguka mara mbili, likasita, likarudi nyuma. Kisanduku kikaunguruma kama mbwa aliyekanyagwa mkia.

“Tena yarudi nyuma!” mwanamke mmoja wa benchini akasema, na wenzake wakacheka. “Ngai! Hawa ndio wa yunivasiti?”

“Toka, nijaribu mimi,” alisema kijana mwenye miwani. Huyo ndiye Wanyoike, mwenyekiti wa Umoja. Akakaa, akakanyaga kama mtu anayeua nyoka. Likazunguka, likasita, likarudi. Mwanamume mmoja mwenye mvi, aliyeshika saa mkononi, akatikisa kichwa polepole. Huyo alikuwa Simeon, msimamizi wa zahanati, ambaye watu wote walimwita daktari ingawa mwenyewe alikuwa akikataa.

“Nipishe, Wanyoike.” Firdaus akakaa. Mtandio ulikuwa umemteleza na jasho linamtiririka shingoni. Alianza vizuri. Gurudumu likashika mwendo, kisanduku kikaanza kuimba. Ikafika kama dakika moja. Kisha mguu ukapoteza hesabu, na lote likarudi nyuma kwa kishindo.

“Firdaus! Toka kwenye mashine yangu.”

Veranda nzima ikageuka. Firdaus alisimama kwa haraka hata kiti kikaanguka.

“Mama...”

“Usiniite mama. Mama hatolewi nati akiwa safarini. Urbanus, leta spana.”

“Mathe, tafadhali,” Wanyoike akaingilia kati, “sisi tulidhani kwamba—”

“Mimi si mathe wako. Mimi ni Mama Firdaus, na magauni thelathini ya watu yamelala sakafuni kwa sababu yenu. Mlidhani nini? Kwamba hii chuma iliota yenyewe?”

Mmoja wa vijana akacheka kwa woga, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Wanyoike akamgeukia Firdaus. “Ulituambia mzazi amekubali.”

“Baba alikubali,” Firdaus alisema.

Urbanus alikuwa ameshapiga goti na spana yake. Hapo ndipo mwanamke mmoja alipoinuka benchini. Alikuwa mdogo kwa umri, tumbo lake kubwa, kandambili zake za rangi mbili tofauti.

“Mama, sikukatazi,” alisema. “Ni mali yako. Lakini ngoja kwanza damu yangu izungushwe. Hii ni mara ya tatu nimekuja.”

“Damu?” Kulthum akauliza. “Damu gani?”

Simeon akaeleza kwa ufupi, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Kila mjamzito anapaswa kupimwa kaswende, kwa sababu ikiwepo mtoto anaweza kufia tumboni, na ikijulikana mapema ni sindano tu. Kipimo wanacho. Lakini hakitaki damu nzima, kinataka yale maji yake. Kuyapata, lazima damu izungushwe kwa kasi. Mashine yao ya umeme iliungua mota mwezi wa tatu. Ukiiacha damu ijitenge yenyewe unangoja saa nyingi, na haijitengi safi. Kwa hivyo wanapeleka Thika, majibu yanarudi baada ya wiki mbili, na wengi hawarudi kuyachukua.

“Huyu ni Ngendo,” alisema. “Amepoteza wawili. Majibu yake ya kwanza yalipotea, ya pili chupa ilivunjika njiani.”

Kulthum akamtazama Ngendo. Kisha, kwa kuwa hakutaka kuendelea kumtazama, akatazama ukuta. Hapo palibandikwa karatasi kubwa yenye michoro. Mwandiko aliujua, ndiye aliyeulipia karo tangu ulipokuwa wa kuchorachora. Kulikuwa na duara kubwa, duara dogo, mishale, na tarakimu zilizopangwa kama askari. Mengi hakuyaelewa. Lakini chini kabisa paliandikwa kwa Kiswahili, ili wenye zahanati wasome:

*Mkanyagaji: mikanyago 90 kwa dakika. Kisanduku: mizunguko 1,800. Kipimo kimechukuliwa kwa Mama akishona, mara kumi na moja, mwezi wa nane. Hakupungua, hakuzidi.*

Akaisoma mara ya pili. Mwezi wa nane. Alikumbuka likizo ile, Firdaus akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ameshika saa ya babake, anatazama chini tu. Alikuwa amemkemea: unatazama nini miguuni mwangu, nenda kaoshe sufuria. Na kumbe mtoto alikuwa akihesabu. Wataalamu hawa wote, na vitabu vyao, na kompyuta huko chuoni kwao, walikuwa wamejenga mashine nzima juu ya mguu wake wa kushoto. Na hawakuwa wamejua kwamba ule mguu si wa kila mtu.

“Firdaus,” alisema polepole, “hukujua kwamba kukanyaga kunafundishwa?”

“Nilidhani ni rahisi. Ukiwa wewe ni rahisi.” Akafuta jasho kwa kiganja. “Na wewe hukunifundisha. Kila nilipogusa cherehani uliniambia shika kitabu.”

Hilo lilikuwa kweli. Kulthum akamgeukia jirani yake.

“Urbanus, weka spana chini.”

*

Kulthum alivua viatu, akavipanga kando. Akakiinua kiti, akakisogeza kinapopaswa kuwa. Kabla ya kuweka mguu alishika ukingo wa gurudumu kwa kiganja na kulisukuma kidogo, kuelekea upande wake.

“Mnaona? Mkono unaanza, mguu unafuata. Na mguu haupigi teke. Kisigino, vidole. Kisigino, vidole. Mnaisindikiza tu.”

“Wekeni chupa,” Simeon akasema. Benta, msichana wa maabara wa zahanati, akafungua kisanduku, akaingiza vichupa vinne vyembamba vya kioo, viwili kila upande ili uzito ulingane. Kulthum aliona jinsi alivyolinganisha, akakubali moyoni. Hata kiwandani, msokoto usio na mizani ulivunja mashine.

Akakanyaga. Gurudumu likaitika mara moja, kama punda anayemjua mwenyewe. Kisanduku kikaanza kunong’ona, kikapanda, kikashika sauti moja nyembamba, na hiyo sauti ikakaa palepale. Kulthum aliijua. Ndiyo iliyokuwa sauti ya jumba zima la kusokotea uzi, vyuma elfu vikizunguka pamoja, miaka kumi na minne, na alikuwa amedhani hataisikia tena.

Simeon alitazama saa. Firdaus hakutazama saa. Alitazama unyayo wa mamake, midomo ikicheza, anahesabu. Dakika tano. Dakika kumi. Wale wanawake waliocheka walikuwa wamesimama wote.

“Inatosha,” Simeon alisema.

“Usiishike,” Kulthum akamwonya Ajwang, aliyekuwa ananyoosha mkono. “Iache ife yenyewe. Ukiishtua, damu itachanganyika.” Hakujua amejua vipi. Ilikuwa tu kama uzi.

Sauti ikashuka, ikawa mnong’ono, ikaisha. Benta akafungua kisanduku, akatoa kichupa kimoja kwa vidole viwili na kukiinua kwenye mwanga wa mchana.

Chini damu ilikuwa imejikusanya, nyekundu nzito, karibu nyeusi. Juu yake, bila hata wingu moja, yalisimama maji ya rangi ya dhahabu hafifu, safi, yanapitisha mwanga. Mpaka kati ya viwili hivyo ulikuwa umenyooka kuliko pindo lolote alilowahi kushona.

“Subhanallah,” Kulthum alisema chini kwa chini.

Alikuwa ameona damu maisha yake yote. Damu ya kujifungua, ya kuchinja, ya kidole kilichochomwa sindano. Kumbe ndani yake kulikuwa na hiki, siku zote, kimefichwa, kinangoja mtu atakayejua kuomba kwa njia inayofaa. Na aliyejua ni huyu mtoto aliyekuwa akimtuma kuosha sufuria.

“Ni ya nani hiyo?” akauliza.

“Ni ya Ngendo,” Benta alisema.

“Na yangu iko hivyohivyo?”

“Ya kila mtu, mama,” Simeon akajibu. “Ya wote iko hivyo.”

Ngendo alisogea, akakitazama kichupa kwa muda mrefu. “Inakaa kama asali,” alisema, kisha akacheka peke yake, akafunika mdomo.

*

Benta akaingia ndani na vichupa. Vijana wakaanza kupongezana kwa kelele, na Wanyoike akafungua daftari jekundu la Umoja.

“Mama Firdaus, nipe jina lako kamili. Sisi tuna sheria moja. Mashine haiandikwi kuwa imekamilika mpaka mtu ambaye hakuitengeneza aiendeshe mwenyewe, na ifaulu. Wewe umeifaulisha. Tunakuandika.”

“Hapana,” Firdaus alisema.

“Hapana nini? Umeona imezunguka!”

“Ilihesabiwa kwa mguu wake. Lazima izunguke kwake. Huwezi kupima rula kwa rula ileile.” Alikuwa ameangalia chini, lakini sauti haikutetemeka. “Kesho kutwa yeye hayupo hapa. Nani atakanyaga? Bado haijakamilika, Wanyoike. Usiandike.”

“Aki Firdaus, wacha kutuharibia siku! Soda zimeshanunuliwa.”

“Usiandike.”

Kulthum alimtazama binti yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza ndani ya chumba kilichowashwa taa. Alikuwa amemwaibisha mbele ya wote hawa, na mlango wa kutokea ulikuwa wazi, wa kupendeza, wenye soda. Mtoto ameufunga kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu haukuwa wa kweli.

“Kujifunza kukanyaga kunachukua muda gani?” Simeon akamuuliza Kulthum.

“Mtu mwepesi, siku mbili. Lakini si kwa kukanyaga hewa. Mguu haujifunzi bila kazi. Lazima ashone.” Akahesabu kwa vidole. Siku mbili. Jumamosi na Jumapili. Mashine ikibaki, Mwalimu Rachael atakwenda kwa Fundi Wainaina, na nyuma yake shule nzima, na hakuna mteja anayerudi akishaonja meza ya mwingine. Mashine ikiondoka, Ngendo wa kesho atasubiri wiki mbili. Urbanus alikuwa ameegemea pikapu, anapasua njugu, anangoja kuambiwa.

“Daktari, kwa siku mnazungusha damu mara ngapi?”

“Mara mbili. Tukizidi, tatu.”

“Dakika kumi kila mara. Na saa zilizobaki mashine inafanya nini?”

“Inakaa.”

“Inakaa!” Neno hilo lilimuudhi kuliko yote aliyoyasikia siku ile. “Firdaus, kukitoa hicho kisanduku na kukirudisha ni dakika ngapi?”

Firdaus akapiga hesabu. “Nne. Nikiweka nati za masikio, zile za kukazwa kwa vidole, mbili.”

“Weka za masikio. Wanyoike, wewe na Umoja wako mna karakana huko chuoni?”

“Tunayo, Mathe... Mama Firdaus.”

“Mwisho wa mwezi nataka stendi nyingine hapa, yenu wenyewe, mmeichomelea wenyewe. Hii itarudi Makongeni. Liandike hilo kwenye daftari, hilo linaandikika.” Wanyoike akaandika. “Urbanus! Rudi nyumbani. Mwambie Baba Firdaus akupe kichwa cha cherehani, robota lote la kijani na mkebe wa nyuzi. Kichwa akibebe yeye mwenyewe mapajani, asikitupe nyuma na kabichi. Na aniletee mkeka wa kuswalia, nitalala hapa.”

“Na petroli ya mara ya pili, mama?”

“Suruali ya tatu.”

Urbanus akatupa maganda ya njugu, akawasha gari, akaondoka.

Kabla ya alasiri kichwa cha cherehani kilikuwa kimekaa mahali pake verandani, Uthman amesimama kando yake akipiga miayo, na kisanduku cha damu kimewekwa kwenye ukingo wa dirisha, tayari. Benta alitoka ndani akijifuta mikono. Alipompita Ngendo alimwinamia sikioni, akamnong’oneza majibu, na Ngendo akaufunika uso wake kwa viganja viwili na kubaki hivyo, mabega yakishuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

“Njoo hapa wewe,” Kulthum akamwita Benta. “Vua viatu. Mkono unaanza, mguu unafuata.” Akamtilia kipande cha pindo la kijani chini ya sindano. “Na wewe, Firdaus, leta kile kiti. Baada yake ni wewe.”

“Na kitabu, mama?”

“Kitabu umeshakishika.”

Benta akasukuma gurudumu, akakanyaga. Mshono ukatoka mbio, ukapinda kulia, ukaenda upogo mpaka ukaanguka nje ya kitambaa. Kulthum akakata uzi kwa meno, akautazama mwangani, akamrudishia.

“Fumua. Anza tena.”